Gazeti la Mume na Mke wa Little Rock

Picha ya Elizabeth Eckford karibu kila anayefuatilia historia ya Marekani ameiona. Binti wa miaka 15, gauni jeupe, miwani ya jua, daftari kifuani, anatembea peke yake huku kundi la Wazungu likimfuata na msichana mmoja nyuma yake amepanua kinywa kwa matusi. Ni tarehe 4 Septemba 1957, nje ya shule ya sekondari ya Central, mjini Little Rock, jimbo la Arkansas.

Kinachoulizwa mara chache ni kwa nini alikuwa peke yake. Wanafunzi weusi waliokuwa waanze masomo pale, katika shule iliyokuwa ya Wazungu tupu, walikuwa tisa. Usiku wa kuamkia siku ile mwanamke mmoja alikaa na simu, akiwapigia wazazi mmoja baada ya mwingine kuwaambia mpango umebadilika: watoto wasiende kila mtu kivyake, wakutane mahali pamoja wasindikizwe na wachungaji. Nyumbani kwa kina Eckford hapakuwa na simu. Taarifa haikuwafikia, na asubuhi binti akapanda basi kama alivyokuwa ameelekezwa mwanzo.

Mwanamke huyo ni Daisy Bates. Ukimtafuta leo utaambiwa alikuwa mwanaharakati, mwenyekiti wa matawi ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika jimbo la Arkansas tangu 1952, mlezi wa wale watoto tisa. Yote ni kweli. Lakini kazi iliyompa kula, iliyompa jina mjini na iliyowafanya wazazi wamwamini kiasi cha kumkabidhi watoto wao, ilikuwa gazeti. Yeye na mumewe, L.C. Bates, walikuwa wamiliki na waendeshaji wa gazeti la kila wiki lililoitwa Arkansas State Press, tangu 1941 hadi 1959.

Nimeliwaza gazeti hili kwa muda mrefu. Harakati za haki za kiraia tumesimuliwa sana kutoka upande wa mimbari na upande wa barabarani. Upande wa wenye magazeti, wale waliolipia karatasi, wino, mishahara na mawakili, hupitiwa juu juu. Mimi naona bila upande huo mtu hawezi kuelewa kwa nini gazeti fulani lilisema na lingine likanyamaza. Ujasiri wa mhariri ni jambo kubwa, silipunguzi. Ila ujasiri huo una kikomo, na kikomo hicho anakiweka mwenye mali: ni hasara kiasi gani yuko tayari kuibeba, na kwa miezi mingapi.

L.C. alikuwa ameonja kazi ya magazeti ujanani, kisha mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamtoa huko akawa wakala wa bima. Hakuipenda bima. Alipata riziki nzuri, akamwoa Daisy, na maongezi yao yakawa yanarudi palepale: gazeti, gazeti. Hatimaye walichukua akiba yao, wakakodi mtambo wa kuchapia uliokuwa wa jarida la kanisa, na tarehe 9 Mei 1941 nakala ya kwanza ya State Press ikatoka.

Hawakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Watu weusi wa Marekani walikuwa na magazeti yao tangu 1827, Samuel Cornish na John Russwurm walipoanzisha Freedom's Journal mjini New York. Mwaka 1905 Robert Abbott alianzisha Chicago Defender, na wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman wakawa wanalipenyeza kusini, mafurushi kwa mafurushi, hadi kwenye miji ambako kuonekana nalo kulikuwa hatari. Baada ya Abbott akaja mpwa wake, John Sengstacke, ambaye mwaka 1956 alilifanya litoke kila siku. Kulikuwa na Pittsburgh Courier, Afro-American la Baltimore, Amsterdam News la New York.

Magazeti hayo makubwa ya kaskazini yalikuwa na nguvu moja ambayo watu wa nje hawaioni. Pesa zao nyingi zilitoka kwa msomaji mwenyewe aliyenunua nakala, matangazo yakafuata nyuma. Kwa hiyo mtu wa kuogopwa alikuwa msomaji, na msomaji alitaka ukweli wake uandikwe. Ukiwa Chicago au New York, wasomaji wako ni laki na ushee, hesabu inakaa sawa. Little Rock haikuwa hivyo. Mji mdogo, wasomaji wenye kipato kidogo, na ili gazeti liendelee ilibidi liwe na matangazo ya maduka makubwa ya katikati ya mji. Maduka hayo yalikuwa ya Wazungu.

Haukupita hata mwaka mmoja, mtihani ukaja.

Mwezi Machi 1942 sajenti mweusi wa jeshi la Marekani, Thomas Foster, alipigwa risasi na polisi Mzungu katika mtaa wa West Ninth, mtaa wa biashara na starehe za watu weusi wa Little Rock. Wanajeshi weusi kutoka kambi ya Robinson walikuwa wakija pale wakiwa na ruhusa ya mapumziko. Foster alikuwa ameuliza kwa nini askari mwenzake amekamatwa na kupigwa. Alifyatuliwa risasi akiwa ameshaanguka chini, mbele ya macho ya watu, mchana.

State Press halikuzunguka. Liliandika aliyeua ni nani, aliyeuawa ni nani, na mashuhuda waliona nini. Wenye maduka wakaondoa matangazo yao karibu kwa mpigo mmoja. Fikiria hesabu ya mwenye gazeti hapo: kodi ya mtambo iko palepale, karatasi iko palepale, na upande wa mapato umekatika. Daisy alieleza baadaye kwamba alishauri wafunge, na L.C. ndiye aliyekataa. Wakaamua kuligeuza gazeti limtegemee msomaji. Wakafanya kazi usiku na mchana, wakasaka wasomaji mji hadi mji, na watu wakalinunua kwa sababu ile ile iliyowakimbiza wenye maduka. Gazeti likasimama tena. Na mjini kukatokea badiliko ambalo mtu angeweza kuliona kwa macho: Little Rock ikaajiri polisi weusi kulinda mtaa wa West Ninth.

Hapa ndipo ninapomheshimu sana huyu bwana L.C., ambaye jina lake hata katika makala nzuri huishia kwenye mabano ya "mume wa". Alikuwa mkimya, mwenye miwani, mtu wa meza. Hakuwa na mvuto wa jukwaani kama mkewe. Lakini uamuzi wa kuendelea baada ya matangazo kukatika mwaka 1942 ni uamuzi wa mwenye gazeti, na ndio uliowezesha mengine yote. Gazeti lingefungwa mwaka ule, mwaka 1957 Daisy Bates angekuwa nani mjini? Wazazi wangempokelea simu kwa lipi?

Kisha mwaka 1946 wakawekwa ndani. Wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya pamba walikuwa wamegoma, na katika vurugu za mgomo mgomaji mmoja mweusi akauawa na mtu aliyeletwa kufanya kazi badala ya wagomaji. Muuaji aliachiwa. Waliohukumiwa kifungo ni wagomaji watatu, kwa sheria ya jimbo iliyotungwa kuzuia fujo kwenye migomo. State Press likaandika kwamba wamefungwa na baraza la wazee wa mahakama waliochaguliwa kwa mkono. Jaji akawaita mume na mke, akawatia hatiani kwa kudharau mahakama: siku 10 jela na faini ya dola 100 kila mmoja. Walikata rufaa, na mahakama ya juu kabisa ya Arkansas ikaifuta hukumu.

Nimesema "walikata rufaa" kwa maneno mawili, lakini kila rufaa ina wakili, na wakili analipwa. Gazeti la kila wiki la watu wachache lilibeba hilo.

Niliwahi kukaa kwenye chumba cha habari, miaka ya nyuma, gazeti silitaji. Habari ilikuwa imekamilika, imehaririwa, imepangwa ukurasa wa tatu. Jioni mtu wa idara ya matangazo akapanda ngazi, akasimama karibu na meza ya mhariri, wakaongea kwa sauti ya chini. Kilichosemwa baada ya hapo ni "hii tuipumzishe kwanza". Ilipumzika hadi leo. Hakuna aliyetishwa, hakuna aliyefungiwa. Waliosoma gazeti kesho yake hawakujua kuna kitu hakipo. Tangu siku ile, nikisoma kuhusu gazeti lolote lililosimama imara, swali langu la kwanza ni nani alikuwa akililipia.

Basi turudi 1957. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua tangu 1954 kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. State Press lilikuwa likidai shule zifunguliwe mara moja, huku bodi ya elimu ya Little Rock ikitaka polepole. Gavana Orval Faubus akaweka askari wa jimbo kuizunguka Central ili watoto weusi wasiingie. Nyumba ya kina Bates ikawa makao makuu: watoto walikutana pale kabla na baada ya shule, mawakili walipita pale, waandishi kutoka pande zote za dunia walikaa sebuleni. Mwezi Agosti, kabla hata shule hazijafunguliwa, jiwe lilikuwa limeshapita dirishani likiwa na karatasi iliyosema safari hii ni jiwe, safari ijayo ni baruti. Misalaba ilichomwa moto uani. Usiku L.C. na majirani walilinda kwa zamu wakiwa na bunduki, asubuhi akaenda kupanga kurasa.

Tarehe 23 Septemba waandishi wanne weusi walielekea Central: L. Alex Wilson wa Tri-State Defender la Memphis, James Hicks wa Amsterdam News, Moses Newson wa Afro-American, na Earl Davy, mpiga picha wa State Press. Angalia majina ya magazeti hayo. Yote ni ya watu weusi. Gazeti la Wilson lilikuwa la Sengstacke, yule wa Chicago. Walifika karibu na shule wakati watoto tisa wakiingizwa kwa mlango wa pembeni, na kundi la watu lililokuwa likisubiri likawageukia wao. Kamera ya Davy ikavunjwa. Hicks na Newson wakafanikiwa kukimbia.

Wilson hakukimbia. Alikuwa mtu mrefu, mwenye suti na kofia pana, mhariri aliyekwisha kuripoti vita vya Korea. Ujanani aliwahi kuwakimbia watu wa Ku Klux Klan, akajiapiza hatakimbia tena. Walimpiga mateke, mmoja akamrukia mgongoni na kumkaba shingo, akapigwa kichwani kwa tofali. Kofia ikaanguka. Aliinama akaiokota, akainyoosha, akaivaa, akaendelea kutembea kwa mwendo ule ule. Will Counts wa Arkansas Democrat, aliyepiga ile picha ya Elizabeth, ndiye aliyepiga na hii. Inasemekana Rais Eisenhower aliathiriwa na picha za siku ile; ninachokijua kwa hakika ni kwamba kesho yake, tarehe 24, alituma askari wa jeshi la taifa, divisheni ya 101, na tarehe 25 watoto wakaingia kwa mlango wa mbele. Wilson alifariki mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 51, baada ya afya yake kuzorota.

Watu hukumbuka kwamba televisheni ndiyo iliyoipeleka Little Rock duniani. Sawa. Lakini waliotembea kwa miguu kulielekea lile kundi walikuwa waajiriwa wa wachapishaji weusi, na waliambatana na ratiba waliyoipata nyumbani kwa mwenye State Press.

Sasa malipo. Safari hii kamba ilikazwa kwa utulivu zaidi kuliko 1942. Daisy ameeleza kwamba mwanamke Mzungu alifika nyumbani kwake kumtaka awaondoe watoto Central, na akampa hadi asubuhi kujibu. Alijibu hapana. Matangazo yakaondoka. Hata wafanyabiashara weusi, ambao wengine mikopo yao na leseni zao zilikuwa mikononi mwa Wazungu, wakaanza kuogopa kuonekana kwenye kurasa zake. Waliosambaza gazeti katika miji midogo ya jimbo walitishwa. NAACP ilijaribu kusaidia kwa kuweka matangazo, na wafuasi kutoka mbali wakatuma walichoweza. Mwezi Oktoba 1957 Daisy alikamatwa kwa kukataa kukabidhi majina ya wanachama wa NAACP kwa mamlaka ya mji.

Tofauti na 1942 ni hii: msomaji alikuwa tayari kulinunua, lakini njia ya gazeti kumfikia ilikuwa imezibwa. Hapo mpango wa L.C. wa kumtegemea msomaji ukafika mwisho wake. Nakala ya mwisho ilitoka tarehe 29 Oktoba 1959.

Miezi minne baadaye, Februari 1960, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Daisy Bates hakuwa na wajibu wa kutoa yale majina. Ushindi mkubwa wa kisheria, unanukuliwa hadi leo, na ulimkuta hana gazeti la kuuandika. Majira yale yale Thurgood Marshall, wakili aliyeipeleka kesi ya shule za Little Rock mbele ya mahakama hiyo mwaka 1958, alikuwa Lancaster House, London, mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba, akiandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya taifa lililokuwa likizaliwa. Wakenya wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua kwamba alitoka moja kwa moja kwenye mapambano ambayo State Press lilikuwa limeyafia.

Mjini humo humo kulikuwa na gazeti jingine lililosimama, na ni vizuri kulitazama kwa sababu lilinusurika. Arkansas Gazette lilikuwa la J.N. Heiskell, Mzungu, mzee wa miaka 85 wakati wa mgogoro, ambaye alikuwa nalo tangu 1902. Mhariri wake, Harry Ashmore, aliandika tahariri kali kumpinga Gavana Faubus na kutaka sheria itiiwe. Wabaguzi walitangaza mgomo: usilinunue, usitangaze humo. Wasomaji kwa maelfu wakahamia Democrat, na hasara ilikuwa kubwa. Mwaka 1958 likapata tuzo mbili za Pulitzer, tuzo kubwa za uandishi wa habari Marekani. Heiskell hakumfukuza Ashmore na hakumwambia apoze moto.

Nampa Heiskell heshima yake yote. Lakini tuseme na hili: alikuwa na akiba ya miaka zaidi ya 50, wasomaji wengi na familia yenye mali. Na gazeti lake lilidai utii wa sheria, wakati State Press lilidai usawa wa binadamu, tena lilikuwa likidai hivyo miaka 16 kabla. Aliyesema zaidi na mapema zaidi ndiye aliyekuwa na akiba ndogo zaidi. Gazette likapata Pulitzer, State Press likafungwa.

Mississippi, jimbo la jirani, inaonyesha upande mwingine wa umiliki. Mjini Jackson magazeti yote mawili makubwa ya kila siku, Clarion-Ledger na Jackson Daily News, yalikuwa ya familia moja, Hederman. Yalikuwa silaha ya ubaguzi, bila kificho. Mwezi Juni 1963 Medgar Evers wa NAACP aliuawa kwa kupigwa risasi uani kwake, katika mji huo huo. Aliyekamatwa, Byron De La Beckwith, alikuwa mkazi wa Greenwood, Mississippi, tangu utotoni. Alikuwa amezaliwa California. Clarion-Ledger likaweka kichwa cha habari kwamba mtu wa California ameshtakiwa kwa kumwua Evers. Kila neno la kichwa hicho lina ushahidi wake wa cheti cha kuzaliwa, na kichwa kizima ni uongo. Nakifikiria mara kwa mara kama mtu wa kazi hii, kwa sababu kimeandikwa na wanaojua kuandika.

Familia ile ile ndiyo iliyomtoa, kizazi kilichofuata, Rea Hederman, aliyeligeuza gazeti, akaajiri waandishi wapya, na mwaka 1983 Clarion-Ledger likapata Pulitzer kwa kazi iliyosukuma mageuzi ya elimu Mississippi. Kwa wakati huo familia ilikuwa imeshaliuza. Gazeti ni lile lile, jina ni lile lile, mtambo ni ule ule. Kilichobadilika ni nani ana ufunguo.

Na usidhani mmiliki mweusi alisimama siku zote. Percy Greene alianzisha Jackson Advocate mwaka 1938, na katika miaka ya 1940 alipigania haki ya watu weusi kupiga kura, tena kwa ujasiri. Jimbo lilipounda Tume ya Mamlaka ya Jimbo mwaka 1956, chombo cha kupeleleza na kuhujumu harakati kwa kodi ya wananchi, Greene akawa akipokea pesa zake na kuwaandika vibaya viongozi wa harakati. Mafaili ya tume hiyo yalifunguliwa kwa umma mwaka 1998 na malipo yamo humo. Namlaumu, na lawama hiyo siipunguzi. Lakini alikuwa na mtambo wa kulisha, kama L.C. alivyokuwa nao. Milango miwili ile ile ilikuwa wazi kwa wote wawili, na L.C. hakuingia ule wa pesa za jimbo.

Kaunti ya Holmes, Mississippi, kulikuwa na Hazel Brannon Smith, Mzungu, mwenye Lexington Advertiser. Hakuanza kama mpinga ubaguzi. Mwaka 1954 aliandika kwamba sherifu amempiga risasi ya paja kijana mweusi asiye na kosa. Sherifu akamshtaki kwa kashfa, akashinda dola 10,000, mahakama ya juu ya jimbo ikaibatilisha hukumu. Mumewe akapoteza kazi ya uongozi wa hospitali ya kaunti. Wabaguzi wakaanzisha gazeti shindani ili kumnyang'anya matangazo. Alipata Pulitzer mwaka 1964, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo hiyo kwa uandishi wa tahariri, na deni likaendelea kumkua hadi alipofilisika mwaka 1985.

Kashfa, hiyo kesi ya madai, ilikuwa panga la wenye mamlaka. Mwaka 1960 kamishna wa mji wa Montgomery, L.B. Sullivan, alilishtaki New York Times kwa tangazo la kuchangisha pesa za kumtetea Martin Luther King, akapewa dola 500,000 ingawa hakutajwa jina humo. Pamoja na gazeti alishtaki wachungaji wanne weusi, miongoni mwao Ralph Abernathy na Fred Shuttlesworth. Times lilikuwa na uwezo wa kupanda hadi juu, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu na kuweka kanuni inayolinda waandishi wa Marekani hadi sasa. Wakati rufaa ikisubiriwa, wachungaji walinyang'anywa magari yao yakauzwa. Magazeti madogo ya kusini yasingefika hata nusu ya safari hiyo.

Baada ya State Press kufungwa, L.C. alifanya kazi ya NAACP katika jimbo hadi 1971, akafariki 1980. Daisy aliandika kumbukumbu zake, akasimama jukwaani kwenye maandamano ya Washington ya 1963, akapata kiharusi, akarudi Arkansas. Mwaka 2024 sanamu yake iliwekwa katika jengo la bunge la Marekani kuwakilisha Arkansas, jimbo lililomkamata.

Ninalotaka lijulikane zaidi kuliko sanamu ni la mwaka 1984. Akiwa na umri wa karibu miaka 70, afya imeyumba, mumewe hayupo, Daisy Bates alilifufua State Press. Hakuna aliyemlazimisha. Alijua kuliko yeyote gharama ya karatasi na tabia ya wenye matangazo. Aliliendesha miaka mitatu, kisha mwaka 1987 akaliuza, na aliyelinunua ni Janis Kearney, mwanamke mweusi wa Arkansas aliyekuwa akifanya kazi humo humo chini yake.